Chuma Kilichodhaniwa Uchafu: Historia ya Vichocheo vya Bei Nafuu vya Hidrojeni

Tarehe 2 Mei 1800, jijini London, William Nicholson na Anthony Carlisle waliziingiza nyaya mbili za shaba ya manjano ndani ya mrija wenye maji, wakapitisha umeme. Carlisle alikuwa daktari mpasuaji. Nicholson alikuwa mhariri wa jarida lake mwenyewe la sayansi. Habari za betri ya Alessandro Volta zilikuwa zimewafikia majuma machache tu yaliyotangulia, nao wakajitengenezea ya kwao kwa kupanga sarafu za fedha na vipande vya zinki, katikati wakiweka karatasi nene zilizoloweshwa maji ya chumvi. Kwenye ncha ya waya mmoja vilianza kutoka viputo vya hidrojeni. Waya wa pili haukutoa kiputo hata kimoja. Ulififia, ukabadilika rangi, ukawa unaliwa. Wakaziondoa nyaya zile, wakatia za platini. Safari hii gesi zilitoka pande zote mbili, hidrojeni huku na oksijeni kule, na nyaya zikabaki safi.

Tatizo zima limo katika jaribio hilo. Madini rahisi yaliliwa, madini ghali yakasalimika. Kwa zaidi ya karne mbili wanakemia wamekuwa wakitafuta madini ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyanunua, yanayofanya kazi ya platini bila kuoza majini. Wengi leo huisimulia safari hiyo kana kwamba ilianza juzi, baada ya dunia kuingiwa na hofu ya tabianchi. Si kweli. Jibu lenyewe lilikuwa likifanya kazi viwandani kabla babu zetu hawajazaliwa, na sehemu yake kubwa ilikuwa chuma, madini ambayo mara kwa mara yaliingia kwenye mitambo bila kualikwa na bila kushukuriwa.

Kwanza tuelewe kazi ya kichocheo. Kuyapasua maji kunahitaji volti 1.23 kwa uchache. Chini ya hapo hakuna kitakachotokea. Mtambo halisi hudai zaidi, mara nyingi kati ya volti 1.8 na 2, na sehemu kubwa ya ziada hiyo hupotea kama joto. Mwaka 1905 mwanakemia Julius Tafel alionyesha kwa vipimo jinsi ziada hiyo inavyopanda kadiri mkondo wa umeme unavyoongezwa, na jinsi inavyotofautiana kati ya madini na madini. Kwenye risasi ni kubwa mno, kwenye platini ni ndogo sana. Sababu ni namna uso wa madini unavyoishika atomu ya hidrojeni. Kichocheo ni kama mvushaji wa kivuko: asiyepakia abiria hana faida, na anayepakia kisha akakataa kuwateremsha naye hana faida. Platini hushika kwa kiasi na kuachia kwa kiasi. Mwaka 1972, Sergio Trasatti wa Italia aliyapanga madini mengi kwenye mchoro mmoja kwa kigezo hicho, ukatokea mlima wenye platini kileleni. Nikeli, kobalti na chuma zikaangukia mteremkoni, si mbali sana na kilele.

Upande wa oksijeni ni mgumu zaidi. Ili kupata molekuli moja ya oksijeni ni lazima molekuli mbili za maji zinyang'anywe elektroni nne, na bamba linalofanya kazi hiyo hukaa katika mazingira yanayobabua karibu kila aina ya madini. Huko ndiko waya wa Nicholson ulikoliwa. Umeme mwingi hupotea huko, na historia yetu ina utamu wake zaidi upande huo.

Wahandisi wa karne ya 19 walipata mwanya bila kuisubiri nadharia. Waligundua kwamba chuma, kinachooza haraka ndani ya asidi, hakiozi kikikaa ndani ya potasi kali au ndugu yake kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni. Uso wake hujivika ngozi nyembamba ya oksidi inayokikinga. Nikeli huvumilia zaidi. Kwa hiyo mtambo wa alkali ukawa na umbo ambalo halijabadilika sana mpaka leo: bamba la chuma upande wa hidrojeni, bamba la chuma lililopakwa nikeli upande wa oksijeni, na kizuizi chenye vitundu katikati ili gesi zisichanganyike. Hakuna platini ndani yake.

Na umeme ulitoka wapi? Mtu wa kuheshimiwa katika sura hii ni Paul la Cour, mwalimu wa shule ya watu wazima katika kijiji cha Askov, Denmark. Mwaka 1891 alipewa fedha na serikali kujenga kinu cha upepo cha kuzalisha umeme. Upepo hauna ratiba, naye hakuwa na betri za kutosha, akaamua kuihifadhi nguvu hiyo kwa kupasua maji, akifuata mbinu aliyoipata kwa Mwitaliano Pompeo Garuti. Kuanzia 1895 hadi 1902 taa za shule ya Askov ziliwaka kwa hidrojeni iliyotokana na upepo. Gesi ilihifadhiwa kwenye tangi la mita za ujazo 12. Mara kadhaa oksijeni ilijipenyeza kwenye hidrojeni, mlipuko ukatokea na madirisha ya majengo yakavunjika, lakini mwalimu hakuacha. Anayetangaza leo kwamba ameunganisha jua au upepo na mtambo wa hidrojeni kwa mara ya kwanza na asome habari za Askov. Kufikia 1902 inakadiriwa mitambo ya kupasua maji iliyokuwa ikifanya kazi viwandani duniani ilizidi 400.

Ukubwa wa kweli ulikuja Norway. Kampuni ya Norsk Hydro, iliyoanzishwa 1905, ilikuwa ikitengeneza mbolea kwa kuunguza hewa kwa cheche kubwa za umeme, njia iliyokula umeme kupita kiasi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikahamia njia ya Kijerumani ya kutengeneza amonia kwa hidrojeni na naitrojeni. Wengine walikuwa wakiitoa hidrojeni kwenye makaa ya mawe. Norway haikuwa na makaa ya kutosha, ila ilikuwa na maporomoko ya maji. Mtambo wa majaribio ulijengwa mjini Notodden mwaka 1927, kisha huko Vemork, karibu na Rjukan, yakapangwa majumba ya mitambo ya chuma na nikeli iliyojazwa potasi kali. Vemork imebaki vitabuni kwa sababu ya maji mazito yaliyokuwa yakibaki humo, ambayo Wajerumani waliyataka kwa utafiti wao wa nyuklia, na kwa makomandoo wa Norway walioshuka bondeni usiku wa Februari 1943 kuyalipua. Ni kisa cha kishujaa, lakini kimeufunika ukweli mwingine ulio muhimu kwetu: kwa miongo kadhaa mkulima wa Ulaya aliweka shambani mbolea iliyotokana na maji, umeme na madini ya kawaida.

Wakati huohuo, mjini Chattanooga katika jimbo la Tennessee, mhandisi Murray Raney alikuwa akitafuta kichocheo cha kugandisha mafuta ya mbegu za pamba ili yawe mafuta ya kupikia. Hakuwa na nia yoyote na maji. Aliyeyusha nikeli na alumini pamoja, nusu kwa nusu, akasaga aloi ile, akaitia kwenye kostiki soda. Alumini ikayeyuka na kutoka, nikeli ikabaki imejaa vitundu vidogo visivyohesabika, yenye uso mkubwa ajabu kwa uzito mdogo. Hati yake ya ugunduzi ilitolewa 1927. Miaka ya baadaye watafiti wa Ujerumani, Eduard Justi na August Winsel, waliichukua nikeli ya Raney na kuitengenezea elektrodi, na mpaka leo mitambo mingi ya alkali huitumia upande wa hidrojeni. Kimaumbile nikeli haifikii platini. Uso wake mpana ndio unaofidia pengo.

Basi platini ilirudije, safari hii na mwenzake adimu iridi? Ziliingia kwa mlango wa anga za mbali. Katika miaka ya 1960 kampuni ya General Electric ilitengeneza seli za mafuta, zinazotoa umeme kwa kuunganisha hidrojeni na oksijeni, kwa ajili ya vyombo vya anga vya Gemini vya Marekani, na mahali pa maji ya potasi ikaweka utando wa plastiki unaopitisha chembe chanya za hidrojeni. Baadaye kampuni ya DuPont ikatoa utando imara zaidi uitwao Nafion. Mtambo wa kupasua maji unaotumia utando wa namna hiyo ni mdogo, huwaka na kuzima upesi, na hutoa gesi safi yenye shinikizo. Kwa nyambizi na vyombo vya anga hiyo ni neema. Lakini utando wenyewe una asidi kali, na asidi haiviachi salama chuma wala nikeli. Ikabidi platini iwekwe upande wa hidrojeni na iridi upande wa oksijeni. Iridi inayochimbwa duniani kwa mwaka haizidi sana tani saba au nane, na nyingi hutoka Afrika Kusini kama mabaki ya uchimbaji wa platini. Huwezi kujenga nishati ya dunia nzima juu ya madini ambayo mavuno yake ya mwaka yanaingia kwenye lori moja.

Mitambo ya alkali nayo ilikuwa na madhambi yake, wala si haki kuyaficha. Ilikuwa mikubwa na mizito. Kizuizi chake kwa miaka mingi kilitengenezwa kwa asbesto, inayoua mapafu ya wafanyakazi. Umeme ukipungua, gesi huanza kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ukizimwa ghafla, mkondo hurudi nyuma na kuharibu mabamba. Tena hidrojeni ya gesi asilia ilikuwa rahisi kiasi kwamba viwanda vya kupasua maji vilifungwa kimoja kimoja.

Hapa ndipo chuma kinaporudi. Tangu Thomas Edison alipoanza kutengeneza betri za nikeli na chuma mwanzoni mwa karne ya 20, watu wa betri walijua kwamba chuma kikipenya kwenye bamba la nikeli, betri haijai ipasavyo: umeme unaotiwa huishia kutoa oksijeni. Kwao huo ulikuwa uchafu wa kupigwa vita. Mwaka 1987 Dennis Corrigan, mtafiti wa maabara za General Motors, alichapisha vipimo vilivyoigeuza hasara hiyo kuwa habari njema kwa anayetaka kupasua maji. Kiasi kidogo mno cha chuma ndani ya oksidi ya nikeli kilishusha volti za kutoa oksijeni kwa namna iliyoonekana wazi, na kukichanganya kwa makusudi kulileta nafuu kubwa zaidi. Makala ile ilisomwa na wachache. Hidrojeni ya maji haikuwa na soko.

Kwa robo karne zaidi vitabu viliendelea kufundisha kwamba oksidi ya nikeli ni kichocheo kizuri cha oksijeni, na kwamba huwa bora zaidi ikizeeka ndani ya potasi. Mwaka 2014 Lena Trotochaud, Shannon Boettcher na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oregon waliisafisha potasi yenyewe. Potasi ya dukani, hata ile iliyoandikwa kuwa ni ya maabara, huwa na chuma chini ya sehemu moja katika milioni. Walikinasa hicho nacho, wakaizeesha nikeli ndani ya maji yasiyo na chuma. Haikuwa bora hata kidogo; ilikuwa kichocheo dhaifu. Sifa nyingi ambazo nikeli ilipewa miaka yote hiyo zilikuwa za chuma kilichokuwa kikijipenyeza kimyakimya. Ninaiweka kazi hiyo juu ya ugunduzi mwingi wa madini mapya, kwa kuwa haikuongeza jina kwenye orodha, ilirekebisha orodha nzima. Vipimo vingi vilivyochapishwa kabla yake ilibidi visomwe upya, mtu akijiuliza kama potasi iliyotumika ilikuwa safi.

Upande wa hidrojeni mafunzo yalitoka kwa bakteria. Mwaka 1931, huko Cambridge, Marjory Stephenson na Leonard Stickland walieleza kimeng'enya kinachoshughulika na hidrojeni, wakakiita haidrojenasi. Stephenson alikuja kuwa mmoja wa wanawake wawili wa kwanza kuchaguliwa Royal Society, mwaka 1945. Ilichukua zaidi ya miaka 60 mpaka picha za eksirei zilipoonyesha moyo wa vimeng'enya hivyo: kingine kina nikeli na chuma, kingine kina chuma kitupu, vikishikwa na salfa. Bakteria wa matopeni hana platini, na bado anaitoa hidrojeni kwa kasi ya kustaajabisha.

Jens Nørskov na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark waliutazama muundo huo kwa kompyuta, wakaukumbuka unga mweusi ambao viwanda vya kusafisha mafuta huutumia kuondolea salfa, na mafundi huutumia kama grisi: molibdeni yenye salfa. Mwaka 1977 Helmut Tributsch alikuwa ameshiriki kuupima, na fuwele zake zilionekana hazifai. Hesabu za Wadenishi, zilizochapishwa 2005, zilisema uso bapa wa fuwele ndio usiofaa, ila kingo zake zinashika hidrojeni karibu sawa na platini. Mwaka 2007 Thomas Jaramillo, Ib Chorkendorff na wenzao walilithibitisha hilo kwa kupanda chembe ndogo sana za unga huo juu ya dhahabu: kasi ya kutoa hidrojeni ilifuata urefu wa kingo, wala haikujali eneo la uso. Baada ya hapo milango ilifunguka. Huko Lausanne ikaja molibdeni yenye kaboni mwaka 2012, na mwaka 2013 watafiti wa Pennsylvania na California wakaleta nikeli yenye fosforasi.

Aliyevuma kuliko wote alikuwa Daniel Nocera. Mwaka 2008, yeye na Matthew Kanan wa MIT walionyesha kwamba kobalti na fosfeti zikitiwa kwenye maji ya kawaida yasiyo asidi wala alkali, huunda ngozi yenyewe juu ya elektrodi, hutoa oksijeni, na ngozi ikibomoka hujijenga upya. Mwaka 2011 akatangaza jani la bandia: bamba la silikoni lenye kobalti upande mmoja na nikeli, molibdeni na zinki upande mwingine, linalotoa viputo likiwekwa juani ndani ya maji. Magazeti yaliahidi umeme kwa kila kibanda. Jani halikuwahi kufika sokoni. Kampuni iliyoanzishwa kulikuza iligeukia betri, ikanunuliwa na Lockheed Martin mwaka 2014. Kemia ilikuwa sahihi. Kukusanya gesi, kuitenganisha, kuishindilia na kuilinda isilipuke ndiko kulikogharimu. Kobalti yenyewe, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye migodi ya Lualaba na Katanga ya Juu ambako wachimbaji husemezana kwa Kiswahili, ilipanda bei zaidi ya mara tatu kati ya 2016 na 2018 kwa sababu ya betri za magari. Urahisi wa madini hubadilika na soko.

Mwaka 2019 Jaramillo, sasa akiwa Stanford, na wenzake walikwenda mbali na kikombe cha maabara. Walitia kobalti yenye fosforasi mahali pa platini katika mtambo halisi wa utando wa kampuni ya Nel, kampuni inayohesabu chimbuko lake kuwa ule mtambo wa Notodden wa 1927. Ulifanya kazi kwa zaidi ya saa 1,700 katika mkondo mkubwa wa viwandani. Upande wa oksijeni bado ulikuwa na iridi, na volti zilikuwa juu kuliko za platini, lakini kichocheo hakikuzimika. Kwangu majaribio ya namna hiyo ndiyo yenye thamani. Makala elfu zimesifu vichocheo vilivyopimwa kwa saa kumi kwenye elektrodi ya ukubwa wa ukucha. Kiwanda hudai miaka.

Afrika haikuwa mtazamaji katika historia hii. Huko Aswan, Misri, kiwanda cha KIMA kilianza mwaka 1960 kutengeneza mbolea kwa kupasua maji kwa umeme wa bwawa la Nile, kabla ya kuhamia gesi asilia. Kwekwe, Zimbabwe, kampuni ya Sable Chemicals iliendesha mitambo ya namna hiyo kuanzia miaka ya 1970, na mbolea yake ikafika kwenye mashamba ya mahindi ya wakulima wa nchi ile. Mitambo hiyo ilizimwa mwaka 2015, umeme ukiwa umekuwa haba na ghali. Kilichokosekana hapo hakikuwa kichocheo. Kilo moja ya hidrojeni inahitaji takriban yuniti 39 za umeme hata kwa mtambo usiopoteza chochote, na mitambo iliyopo hula 50 au zaidi. Kichocheo bora kinaweza kupunguza ile tofauti, lakini zile 39 za kwanza hakuna kemia itakayozisamehe.

Kwa hiyo Kenya, iliyotangaza mkakati wake wa hidrojeni ya kijani mwezi Septemba 2023, itashinda au itashindwa kwanza kwa bei ya umeme wa jotoardhi, jua na upepo. Hiyo haimaanishi wanakemia wetu wakae pembeni. Elektrodi ya nikeli na chuma haihitaji maabara ya kifahari: wavu wa nikeli, chumvi ya chuma, potasi, chanzo cha umeme kinachopimika na uvumilivu. Tanzania ina hazina kubwa ya nikeli huko Kabanga, wilayani Ngara, na chuma hakijawahi kuwa haba popote. Ombi langu kwa walimu na wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Lubumbashi ni hili: anzeni na madini hayo mawili, isafisheni potasi kabla ya kupima, na msitangaze matokeo kabla elektrodi haijamaliza saa elfu moja.